Kifyatulio cha Leland Rostad

Thora Haugdal alikuwa mtu wa kunusa kwanza, salamu baadaye. Ukimletea bunduki ikiwa safi mno, alijiuliza unaficha nini. Ukimletea ikiwa chafu, alijiuliza umeiokota wapi. Hakuzaliwa hivyo. Mumewe wa kwanza na wa mwisho aliondoka siku moja kwenda kununua matairi, akaonekana tena baada ya miaka mingi, katika picha ya harusi ya watu wengine, kasimama upande wa bwana harusi. Tangu hapo Thora akasema mtu akitaka kumdanganya tena, basi aanze kazi hiyo alfajiri.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, katika kibanda kilichokuwa cha maziwa enzi za wazazi wake, pale Tarbell, mashariki ya jimbo la Montana. Ufundi wa bunduki aliufundishwa na baba yake, mzee wa Kinorwe asiye na maneno mengi, na moja kati ya maneno yake machache lilikuwa hili: kifyatulio chepesi ni mbwa asiyefungwa, siku zote atamuuma mgeni. Ulikuwa mwaka ule wa ukame na panzi, miaka ya themanini, nyasi zimegeuka rangi ya mkate, na wanaume wote wa wilaya wakisubiri msimu wa kuwinda swala ufunguliwe ili wapate kitu cha kuzungumza zaidi ya mvua.

Ndipo alipoingia Leland Rostad.

Leland alikuwa mfugaji wa ng'ombe, mrefu, mkimya, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuwinda kwa bunduki ndefu kama wenzake. Aliwinda kwa bastola. Si bastola ya kuchezea kiunoni. Hii ilikuwa ndefu, ya komeo la chuma la kuvuta na kusukuma kama bunduki za askari wa zamani, inameza risasi moja tu kwa wakati, na darubini imekaa juu yake. Aliifunga mgongoni, akatambaa kwa tumbo katikati ya vichaka hadi awaone swala kope zao. Thora mwenyewe ndiye aliyekitengeneza kifyatulio chake miaka ya nyuma, akakiweka kwenye ratili tatu na nusu, na Leland hakuwahi kulalamika.

"Nataka uilegeze," alisema Leland, akaiweka bastola juu ya meza.

"Niilegeze mpaka wapi?"

"Ratili moja. Ikiwezekana pungufu."

Thora akavua miwani. "Leland, hiyo si kufyatua, hiyo ni kuiwazia tu."

"Wewe nifanyie."

"Kuna nini? Imekuwa nzito?"

"Nimebadilisha mawazo tu. Mtu haruhusiwi kubadilisha mawazo?"

Kwa mtu mwingine maneno hayo yangepita. Kwa Thora yalisimama mlangoni yakakataa kutoka. Kwanza, Leland alikuwa amevaa glavu za ngozi, na nje joto lilikuwa la kukaanga mayai. Pili, mkono wa kulia haukutoka mfukoni muda wote. Bastola aliishusha kwa mkono wa kushoto, mlango akaufungua kwa mkono wa kushoto. Na Thora alipochukua kipande cha karatasi ili aandike jina la mwenye mali na kukifunga kwenye mpini kama alivyofanya kwa kila mteja, Leland akamzuia.

"Usiandike jina langu."

"Kila mtu naandika jina lake."

"Najua. Watu wanaingia humu wanasoma. Sitaki maswali."

"Maswali gani?"

"Kama hayo," akasema Leland, akatoka.

Thora aliibana bastola kwenye jiliwa, akahakikisha haina kitu tumboni, akakipima kifyatulio kwa mizani ya ndoano. Ratili tatu na nusu, vilevile alivyokiacha. Kikaachia safi kama kijiti cha kioo kinavyokatika, hakuna kukwaruza, hakuna kutu. Basi kilichobadilika si bastola. Akakaa juu ya kiti chake kirefu akiitazama. Mtu ambaye kwa miaka yote hiyo alijivunia mkono mtulivu, leo anataka silaha inayoweza kulipuka kwa kupigwa chafya. Kwa nini?

Jibu, au alichokidhani jibu, alilipata kwenye mgahawa wa Bernadine alipokwenda kunywa kahawa. Bernadine alikuwa na mgahawa pekee wa Tarbell, na habari zilimfikia kabla hazijatokea.

"Wewe shoga, umesikia?" Bernadine aliinama juu ya kaunta, akijifanya anapangusa. "Opal Rostad."

"Mke wa Leland? Kafanyaje?"

"Kafanya au hajafanya, mimi simo. Ila wiki ya tatu hii naona anapita ndani ya pikapu ya Dewey Plank. Wanaelekea Miles City asubuhi, wanarudi jioni. Na pikapu ya mumewe ipo nyumbani, nzima, haina ugonjwa."

"Dewey ni rafiki wa Leland tangu shule."

"Ndiyo maana nasema. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikuongezee kahawa?"

Thora hakutaka kahawa tena. Dewey Plank alikuwa dalali wa mifugo, mjane, mcheshi, mwenye kofia nzuri kuliko wilaya nzima. Kila mwaka, siku ya kwanza ya msimu, Leland na Dewey walikwenda pamoja kuwinda swala upande wa mabonde makavu. Wawili tu. Mmoja hutangulia kutambaa, mwingine hufuata nyuma. Na aliyezoea kutangulia ni Dewey.

Mambo yakajipanga kichwani mwa Thora, kila moja likikaa mahali pake bila kusukumwa. Mke yuko kwenye gari la rafiki. Mume anataka kifyatulio chepesi. Hataki jina lake lionekane. Kavaa glavu. Bastola ikilipuka huko bondeni, nani atasema si ajali? Sherifu ataivuta mwenyewe, atasema mungu wangu, hii ni nyepesi hivi? Na fundi aliyeilegeza ni nani? Ni Thora Haugdal.

Siku zilizofuata hakuigusa skrubu hata moja. Aliisafisha tu, akatia tone la mafuta, akaipiga kwa nyundo ya mpira kama baba yake alivyomfundisha, kuona kama itaachia yenyewe. Haikuachia.

Leland aliporudi, alikuwa bado na glavu. Akaichukua bastola, akampa Thora mgongo, akasimama akielekea dirishani. Thora alimwona mabega yakikaza. Muda ukapita, mrefu kuliko unaohitajika kuvuta kitu chochote. Hatimaye akasikia mlio mdogo wa chuma.

"Hujaigusa," alisema Leland bila kugeuka.

"Nimeisafisha."

"Sikukuomba uisafishe."

"Ratili moja sitaiweka. Si salama. Mwenyewe unajua si salama."

"Salama kwa nani?"

"Kwa yeyote atakayekuwa mbele yako," alisema Thora, akamtazama usoni ili aone kitakachotokea pale.

Kilichotokea ni kwamba Leland alikunja uso kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Thora akasema moyoni: anajua kuigiza huyu.

"Mimi ningekwenda kwa fundi mwingine," alisema Leland, "lakini hakuna karibu. Basi nitaifanya mwenyewe. Skrubu ni skrubu."

"Leland, usiiguse!"

Mlango ukafungwa.

Thora hakulala vizuri, na kulipokucha alikwenda moja kwa moja kwenye zizi la mnada, akamkuta Dewey Plank kakaa juu ya uzio, anakula mkate wenye nyama baridi.

"Thora Haugdal kutoka nje mchana!" Dewey alicheka. "Jua litaona haya."

"Shuka nikwambie jambo."

"Niambie nikiwa huku. Huku juu sikopeshi na siposwi."

"Dewey, msimu ukifunguliwa, usitangulie mbele ya Leland."

Dewey akaacha kutafuna. Thora akamweleza habari ya kifyatulio na ya jina, na habari ya glavu, akamalizia kwa kusema: "Na watu wamekuona na Opal. Kama mimi nimesikia, unadhani mumewe hajasikia?"

Alitegemea Dewey atacheka au atakasirika. Dewey hakufanya hata kimoja. Uso wake ulipauka, kofia akaivua, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeshonwa humo.

"Leland anajua niko na Opal," alisema. "Nafikiri anajua. Yaani, alivyoniambia Opal..." Akaivaa tena kofia. "Sina ruhusa ya kusema."

"Basi usiseme. Ila usitangulie."

Thora akaondoka na uhakika kamili. Mtu asiye na hatia, aliwaza, hapauki namna ile.

Siku ya kwanza ya msimu milio ilisikika mbali tangu jua linachomoza. Thora alikuwa akitengeneza kitako cha bunduki ya jirani pale pikapu ya Rostad ilipoingia uani kwa kasi na kusimama karibu igonge pipa la maji. Aliyekuwa kwenye usukani ni Opal, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kazi. Leland alikaa upande wa abiria. Opal aliingia wa kwanza, akaiweka bastola juu ya meza kwa kishindo.

"Haina kitu ndani," alisema. "Nimeangalia mwenyewe, maana nyumba hii hatuaminiani, siyo?"

"Opal..."

"Dewey hakuja leo. Kapiga simu eti mgongo unamuuma. Dewey hajui kudanganya. Nilimuuliza mara mbili tu akamwaga yote. Kwamba mume wangu anataka kumuua. Kwamba mimi ni malaya. Kwamba amesikia kutoka kwa Thora Haugdal, fundi wa bunduki na sasa hakimu wa wilaya!"

"Sikusema malaya."

"Ulisema nimeonekana! Kuna tofauti gani?"

Leland alikuwa amesimama mlangoni. "Opal, inatosha," alisema taratibu. Akaja hadi kwenye meza. Akaishika glavu ya mkono wa kulia kwa meno, akaivuta.

Thora aliutazama ule mkono, na kwa muda hakuelewa anachokitazama. Kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, mahali ambapo mtu wa kazi huwa na mnofu, palikuwa shimo. Ngozi ilikuwa imezama juu ya mfupa. Vidole vilijikunja nusu, na chini ya ngozi ya mkono kitu kilitikisikatikisika chenyewe, kama maji chini ya barafu nyembamba.

"Ilianza wakati wa kuzalisha ndama," alisema Leland. "Nilidhani nimelalia mkono. Daktari wa Billings anasema misuli inakufa, na haitaishia hapa. Itapanda."

"Hakuna dawa?"

"Hakuna. Nikivuta ratili tatu na nusu, kidole kinafika katikati ya njia kinakaa. Ndiyo maana nilitaka moja. Basi. Hakuna siri nyingine."

"Na Dewey?" Sauti ya Thora ilikuwa ndogo.

Opal ndiye aliyejibu. "Dewey anatuuzia ng'ombe. Kidogo kidogo, kule Miles City, mimi nikisimama pale kuangalia mizani, maana Leland akionekana na mkono ule wanunuzi watajua tunauza kwa shida, watatushushia bei. Nilimwambia Dewey tunataka kuhamia kwa binti yetu, na asimwambie mtu. Habari ya ugonjwa hata yeye hakuijua, mpaka leo asubuhi nilipompigia kelele kwenye simu. Umefurahi sasa? Umeyajua yote?"

Thora hakuwa na pa kujificha ndani ya karakana yake mwenyewe. Alitaka kusema kwamba kila alichokiona alikiona kweli: glavu zilikuwepo, jina lilikataliwa, Dewey alipauka. Vyote vilikuwa kweli. Lakini uongo alikuwa ameuongeza yeye.

"Nisamehe, Leland," alisema. "Nawe Opal. Nilikuwa na ulimi mahali nilipotakiwa kuwa na swali."

"Ungeniuliza nisingekwambia," alisema Leland.

"Hata hivyo ningeuliza."

Opal akageuka, akaenda kukaa ndani ya gari. Mlango wake wa pikapu ulisikika mtaa wa pili.

Leland alibaki. Kwa mkono wa kushoto akaisogeza bastola kidogo. "Niliifungua mwenyewe juzi, jikoni. Nikazungusha skrubu mpaka ikawa nyepesi kama nilivyotaka. Kisha nikafunga komeo, ikajifyatua yenyewe. Ilikuwa tupu. Ila Opal alikuwa amesimama mbele, anakaanga viazi."

Alisema hayo akitazama sakafu, na Thora akajua kwamba hilo ndilo lililomleta, zaidi ya hasira.

"Kaa," alimwambia.

Aliifungua bastola, akarudisha skrubu, akaushusha uzito wa kifyatulio kidogo tu, mpaka pale chuma kilipokuwa bado kinashikana vizuri. Akafunga komeo kwa nguvu, akaipiga kwa nyundo ya mpira juu, chini na ubavuni. Haikuachia. Zaidi ya hapo hakwenda. Kisha akafungua droo, akatoa kitu ambacho vijana wa siku hizo walikuwa wamekiacha: kiatu cha kifyatulio, kipande kipana cha chuma kinachovishwa juu ya ulimi mwembamba wa kifyatulio, kikakazwa kwa skrubu ndogo.

"Hii haipunguzi ratili," alisema. "Ila uzito ule ule unaenea kwenye kidole chote badala ya kukikata kama uzi. Na usitumie ncha ya kidole. Ingiza mpaka kiungo cha katikati. Baba angenichapa kwa kukufundisha hivyo, lakini baba hayupo."

Leland akaijaribu. Mara hii hakumpa mgongo. Mkono wa kushoto ukashika chini, kidole cha kulia kikaingia, kikakunjika polepole, kikasita, mishipa ya shingo ikamsimama. Klik.

"Tena," alisema Thora.

Klik.

Leland alipumua kwa nguvu. "Kinatosha kwa risasi moja."

"Yenyewe inameza moja tu."

Hapo ndipo alipocheka, kidogo, kwa mara ya kwanza.

Siku hiyo hiyo Thora alikwenda kwa Dewey, na hakumkuta anaumwa mgongo. Alimkuta kakaa kizingitini, kofia magotini.

"Kwa hiyo juzi nilikuwa maiti mtarajiwa," alisema Dewey, "leo nimefufuka?"

"Nilikosea. Yote nimeyakosea mimi."

"Hapana. Mimi niliamini. Mtu nimekula naye tangu tuna meno ya maziwa, halafu ukaja wewe na maneno yako nikayaamini. Hilo huwezi kuniondolea." Akafuta macho kwa kiganja. "Atakubali niende naye?"

"Muulize mwenyewe. Mimi sisemi tena kwa niaba ya mtu."

Walikwenda watatu, Jumamosi iliyofuata. Thora hakualikwa, Leland alisema tu kwamba kama skrubu ya kile kiatu italegea atahitaji fundi, na hiyo ikawa barua ya mwaliko. Dewey alitangulia mbele kutambaa, kama kawaida yao. Lakini Thora, aliyekuwa nyuma na miiba ya vichaka viwikoni, aliona jinsi Dewey asivyogeuka nyuma hata mara moja, na jinsi anavyojilazimisha asigeuke.

Dume la swala lilisimama ng'ambo ya bonde, limewapa ubavu. Dewey akajivuta kando, akalaza mkoba wake chini uwe mto wa bastola. Leland akalala nyuma ya mkoba. Upepo ulikuwa mdogo. Kidole kikaingia, kikaanza kuvuta, kikakwama. Akakitoa. Akapumua. Swala akainua kichwa. Thora, aliyekwisha kujivuta hadi ubavuni mwa Leland, alishika majani kwa ngumi, akajikuta anavuta na yeye, kidole chake mwenyewe kinakunja hewa.

Mlio ulipotoka, ulimshtua hata Leland. Yule dume aliruka mara moja, akakimbia hatua chache, akaanguka kwa magoti.

Hakuna aliyeshangilia. Leland alikuwa bado amelala, anajaribu kuvuta komeo ili atoe ganda la risasi, na vidole havikubali. Dewey alinyoosha mkono, akaurudisha. Alijua huyu si mtu wa kusaidiwa. Leland akajaribu tena. Kisha, bila kumtazama mtu, akaisukuma bastola kando, upande aliolala Thora, mdomo wake ukibaki umeelekea bondeni.

"Fundi," alisema. "Fungua."

Thora akavuta komeo. Ganda likaruka, likatua kwenye vumbi, moto.

Rostad walihama kabla ya theluji kuwa nzito, wakaenda Billings kwa binti yao. Dewey aliwauzia ng'ombe waliobaki kwa bei nzuri, na kila mwezi aliendesha gari kwenda kumwona rafiki yake, akirudi anasema mkono umefika wapi: kiwiko, kisha bega, kisha yale mengine. Leland alifariki majira ya kuchipua ya pili. Bastola alimwachia Dewey, ambaye hakuwahi kuipiga.

Opal alirudi kumzika mumewe pale Tarbell, kwenye makaburi ya Walutheri. Baada ya maziko, katika ukumbi ulio chini ya kanisa, wanawake walipakua kahawa, nyama ya kuokwa na chapati za viazi. Thora alikuwa amezipika zake tangu alfajiri. Alizipanga mezani, akasimama mahali ambapo Opal asingeweza kupita bila kumwona.

"Pole, Opal," alisema.

Opal akazitazama chapati. Watu waliokuwa karibu walipunguza sauti, Bernadine akiwa mmoja wao, kijiko hewani.

"Chapati zako hizi?" aliuliza Opal.

"Zangu."

Opal akachukua moja, akaikunja, akaiweka kwenye sahani ya mjukuu wake. Yeye mwenyewe hakula. Akaenda kukaa na Dewey, upande wa dirishani, na wakazungumza kwa sauti ya chini mpaka watu wakaanza kuondoka. Thora alijitahidi asisikilize.